Kumchagulia mwanafunzi kipande cha fluti au pikolo cha kushindania: mwongozo kwa walimu wa Mombasa

Mwanafunzi wa fluti akipanda jukwaani, sehemu kubwa ya matokeo yake imeshaamuliwa miezi mitatu nyuma, siku alipochaguliwa kipande. Walimu wengi huanza na vidole: je, hizi noti za mbio ataziweza? Hapo ndipo mambo huharibika. Vidole hufundishika kwa wiki sita za kukaa na metronomu, kile chombo cha kugonga mapigo. Pumzi na sauti hazigeuki kwa wiki sita. Kwa hivyo hapa tunaanza na pumzi, tunapita kwenye sauti, na vidole vinakuja nyuma.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Fluti ni ile filimbi ya chuma inayoshikwa kwa ubavu, si filimbi ya refa wala nai ya taarab. Pikolo ni mdogo wake, karibu nusu ya urefu, na hulia oktava moja juu ya noti iliyoandikwa. Tukisema oktava ya kwanza tunamaanisha ile inayoanzia C ya kati ya piano. Ya pili na ya tatu zinafuata juu yake. Kwa pikolo tutataja noti zilivyoandikwa, si zinavyosikika.

Hatua ya 1: Soma silabasi kabla ya kufungua kabati la noti

Tamasha la Muziki la Kenya lina ngazi zake: kaunti ndogo, kaunti, kanda, kisha taifa. Kipande unachokichagua kitapigwa mara nne iwapo mambo yatakwenda vyema, kwenye kumbi nne tofauti, mbele ya waamuzi tofauti. Kipande ambacho mtoto anakipiga vizuri siku moja kwa bahati hakitafika mbali.

Kwenye silabasi ya mwaka huo tafuta mambo haya: kipande kimepangwa au ni cha kujichagulia, muda wa mwisho ni dakika ngapi, pikolo inaingia kwenye kitengo cha fluti au ina kitengo chake, kusindikizwa ni lazima au ni hiari, na nakala ngapi za noti zinapelekwa kwa waamuzi. Usitegemee silabasi ya mwaka uliopita, hata kama kitengo kina jina lile lile.

Muda usiukisie. Hesabu baa zote, zidisha kwa mapigo ya kila baa, gawanya kwa mwendo wa metronomu. Kipande cha baa 112 zenye mapigo matatu kina mapigo 336. Ukikipiga kwa mwendo wa 84 kinachukua dakika 4 kamili. Marudio yanahesabiwa pia, na ndiyo yanayosahaulika zaidi. Kama kikomo ni dakika 5, tafuta kipande cha dakika 4 na robo, maana kila pahali pa kuvuta pumzi panakula kidogo, na mwisho wa polepole siku ya mashindano huwa wa polepole zaidi.

Kipande kikizidi muda, chukua sehemu moja kamili ya sonata au konchato (muziki wa mpigaji mmoja na okestra) badala ya kukatakata. Ukilazimika kukata, kata utangulizi wa piano. Konchato za Mozart, kwa mfano, zina utangulizi mrefu wa okestra ambao hauna haja ya kusikika wote. Baa nne za mwisho kabla ya fluti kuingia zinatosha. Kukata katikati ya sentensi ya muziki ni kosa ambalo mwamuzi anayekijua kipande hulisikia hapo hapo.

Hatua ya 2: Mpime mwanafunzi, na uandike

Chukua daftari. Vipimo ni vinne, na kwa mwanafunzi mmoja havimalizi nusu saa.

Pumzi. Weka metronomu kwenye 60, yaani pigo moja kwa sekunde. Mwanafunzi apige G ya oktava ya pili kwa nguvu ya wastani mpaka sauti ianze kuyumba. Mara nne, na nusu dakika ya kupumzika kila baada ya moja. Tuseme umepata sekunde 14, 13, 11 na 12. Ishike ile 11, nambari mbaya kuliko zote, halafu chukua robo tatu yake: sekunde 8. Huo ndio urefu wa kifungu atakachokibeba jukwaani bila kukosa hewa. Utaona unamdhulumu mtoto, lakini sababu ipo. Moyo ukienda mbio mtu huvuta hewa ya kifuani tu, tumbo halitanuki, na pumzi inayoingia ni ndogo. Tena sauti za chini hunywa hewa nyingi kuliko ile G uliyompimia.

Sasa fungua noti. Tafuta kifungu kirefu kuliko vyote kisicho na pahali pa kuvuta pumzi, hesabu mapigo yake, zidisha kwa 60 na ugawanye kwa mwendo. Kifungu cha mapigo 12 kwa mwendo wa 72 ni sekunde 10. Mwanafunzi wa sekunde 8 hakifikii. Kama muziki unaruhusu kupumua katikati, weka alama ya pumzi kwa penseli sasa hivi, siku ya kwanza. Kama hauruhusu, kiweke kando kipande hicho hadi mwaka ujao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Partita ya Bach katika A ndogo (A minor), BWV 1013 (nambari yake kwenye orodha ya kazi za Bach), ya fluti peke yake. Ile Allemande ya mwanzo inatiririka kwa noti za robo pigo tangu juu hadi chini, karibu bila kimya hata kimoja, na noti yake ya mwisho kabisa ni A ya oktava ya tatu. Wanafunzi huipenda kwa sababu kwenye karatasi vidole vyake haviogopeshi. Lakini asiye na pumzi hunyakua hewa popote inapomwishia, kila akinyakua noti moja inamezwa, na mwamuzi anasikia kitambaa kilichojaa matundu. Kisha anafika kwenye ile A ya juu akiwa hana kitu kifuani.

Upana wa sauti. Aanze chini kabisa na apande noti moja moja, polepole, kwa sauti ndogo. Andika noti mbili: ya chini kabisa inayoitika papo hapo ulimi unapogonga, na ya juu kabisa anayoweza kuipiga kwa upole bila kupiga kelele. Kipande kikae baina ya hizo mbili. Kugusa mpaka mara moja au mbili ni sawa. Kuishi mpakani si sawa. Angalia pia E ya oktava ya tatu, ambayo kwenye fluti nyingi za wanafunzi hupenda kuvunjika, hasa inapofikiwa kwa kuunganisha kutoka A iliyo chini yake. Kipande chenye mruko huo wazi wazi, piano ikiwa kimya, ni mtego.

Ulimi. Noti nne kwa pigo moja, tu-tu-tu-tu, kwa mapigo manane. Pandisha metronomu hadi zisiwe sawasawa tena. Aliyefika 104 usimpe kipande kinachodai 116 ukitumaini kwamba ulimi wa maradufu, ule wa tu-ku-tu-ku, utakuja njiani. Utakuja, ila baada ya miezi.

Sikio. Mpe A kutoka kwenye kinanda, aifikie bila kutazama kipima sauti cha simu. Asiyesikia kwamba yuko juu au chini, usimpe kipande ambacho fluti na piano zinashika noti moja kwa muda mrefu, na pikolo usimpe kabisa mwaka huu.

Hatua ya 3: Ipime fluti yenyewe

Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi. Pedi, vile vifuniko laini chini ya vitufe, huvimba na kunyauka, springi za chuma hushika kutu, na vitufe vya G shapu na D shapu, ambavyo hukaa vimefungwa visipobonyezwa, hunata. Kunata kunazidi mtoto akipiga muda mfupi baada ya kunywa juisi au soda, kwa kuwa sukari inaingia na mate. Maji matupu saa moja kabla ya kupiga, na pamba au kitambaa ndani ya fluti kila baada ya kipindi.

Kujua kama pedi inavuja, chukua karatasi ya kusokotea sigara, kata ukanda mwembamba, uweke chini ya pedi, funga kitufe kwa nguvu ya kawaida ya kidole na uvute. Karatasi inapaswa kushikika sawasawa pande zote. Ikiteleza upande mmoja, hapo panavuja. Karatasi hiyo hiyo hukausha pedi inayonata: funga juu yake sekunde kumi, fungua, halafu uitoe. Usiichomoe huku umeibana pedi ya fluti nzuri, utachana ile ngozi nyembamba.

Haya yanahusu uchaguzi moja kwa moja. Sauti ya chini kabisa inahitaji karibu kila tundu lizibwe, kwa hivyo pedi moja inayovuja inaharibu zote za chini hata kama za kati zinalia vizuri. Chukua Syrinx ya Debussy, ya mwaka 1913, fluti peke yake, dakika tatu hivi. Inaanza kwenye B flati ya oktava ya pili, pahali pa raha, na inamalizikia kwenye D flati ya oktava ya kwanza, ndefu, ikififia. Kwenye fluti inayovuja D flati ile inatoka hewa tupu, na ndiyo noti ya mwisho waamuzi wanayobaki nayo. Kama fluti ya shule haishuki vizuri chini ya D na fundi hapatikani kabla ya mashindano, chagua muziki wa karne ya 18 ya mwanzo. Fluti ya mbao ya enzi hizo iliishia D, kwa hivyo Telemann, Handel na Bach hawakuiandikia C.

Hatua ya 4: Nani atasindikiza, na kwa kinanda gani

Swali hili huulizwa mwisho, na linastahili kuwa la pili. Vinanda vingi vya umeme mashuleni vina vitufe 61, yaani oktava tano, na mara nyingi havina pedali. Piano iliyoandikwa na Fauré au Poulenc haitoshi humo: besi inakatika na sauti zinakauka. Sonata za Handel zinafaa sana, kwa kuwa mkono wa kushoto una mstari mmoja wa besi na wa kulia unajaza tu.

Mpiga kinanda naye apimwe. Mwite kabla hujaamua, mpe kurasa mbili ngumu kuliko zote, na umsikilize. Ile Fantaisie ya Fauré ina piano inayotaka mtu wa kazi hiyo hasa, na mwalimu wa kwaya aliyezoea nyimbo za sauti nne anaweza kuhangaika nayo mpaka siku ya mwisho. Ukikosa msindikizaji wa kuaminika na silabasi inaruhusu, nenda kwenye muziki wa fluti peke yake bila wasiwasi. Ni afadhali kuliko kupiga juu ya rekodi, ambayo haimsubiri mtu aliyechelewa kupumua.

Halafu kuna joto. Hewa ikipata joto sauti ya fluti hupanda, takriban senti 3 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni) kwa kila digrii moja ya sentigredi, hali kinanda cha umeme hakipandi hata kidogo. Machi, kaskazi ikiwa imetulia na chumba kina digrii 32, mtoto atasikika juu ya kinanda. Dawa ni kuvuta kichwa cha fluti nje: kila milimita moja inashusha A ya oktava ya kwanza kwa karibu senti 4. Fluti nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa A ya 442, yaani mitetemo 442 kwa sekunde, na vinanda vingi vya umeme vina sehemu ya kupandisha A kutoka 440. Pandisha hadi 442 na nusu ya ugomvi itakwisha. Hakikisha pia kizibo kilicho ndani ya kichwa kiko pahali pake, milimita 17 kutoka katikati ya tundu la kupulizia. Ile alama iliyochongwa kwenye kijiti cha kusafishia ni ya kazi hiyo: ukikiingiza kijiti hadi kiguse kizibo, alama ionekane katikati ya tundu.

Hatua ya 5: Vipande vyenyewe

Kwa aliye na mwaka mmoja na nusu au miwili, hakuna pazuri kama Handel. Sonata yake katika F, HWV 369, iliandikiwa filimbi ya mbao ya kupulizwa kwa mbele lakini inalala vizuri mno kwenye fluti: vifungu vifupi, vidole vya kawaida, na sehemu ya polepole inayomruhusu mtoto aonyeshe sauti yake. Siciliano ya Sonata katika E flati, BWV 1031, inayobeba jina la Bach ingawa wataalamu wana shaka kama ni yake, ni nyingine. Ni fupi na vidole vyake vyepesi, lakini pumzi yake ni ya mtu mzima. Ipime kwa hesabu ya Hatua ya 2 kabla ya kuipenda.

Kwa miaka mitatu au minne, Telemann. Alichapisha Fantasia 12 za fluti peke yake mwanzoni mwa miaka ya 1730, na ni hazina ambayo walimu wengi wanaipita wakikimbilia majina makubwa zaidi. Hazihitaji kinanda. Kila moja ina sehemu fupi fupi zenye mwendo tofauti, kwa hivyo katika dakika nne au tano mwamuzi anasikia polepole na haraka, huzuni na ngoma. Ya 2 katika A ndogo ndiyo ya kuanzia: Grave, Vivace, Adagio, Allegro. Grave yake isiharakishwe, na pale noti ya chini inaporuka kwenda juu, ichukuliwe kama watu wawili wanaozungumza, mmoja sauti nzito na mmoja nyembamba. Mwanafunzi akizipiga zote kwa sauti moja, Telemann anakuwa zoezi la vidole. Ile ya 7 katika D ni ya kifahari, na ya 10 katika F shapu ndogo waachie wenye vidole vilivyokomaa.

Ngazi hiyo hiyo, Andante katika C ya Mozart, K. 315, kama kuna piano nzuri. Ni dakika sita hivi, inamtaka mtu aimbe, na ina pahali pa kadenza, pale mpigaji anapojionyesha peke yake piano ikiwa kimya. Mozart hakuacha kadenza yake kwa kipande hiki, kwa hivyo mwalimu atachagua iliyochapishwa au ataandika fupi. Baa nane zinatosha. Kadenza ya dakika moja na nusu ndani ya kipande cha polepole inachosha.

Walioiva wana shehena nzima kutoka Ufaransa. Chuo cha muziki cha Paris kilikuwa kikiagiza kipande kipya kwa mtihani wa mwisho wa wapiga fluti, na humo ndimo ilimotoka Fantaisie ya Fauré ya 1898, Concertino ya Chaminade ya 1902, Cantabile et Presto ya Enescu ya 1904, na Nocturne et Allegro scherzando ya Gaubert ya 1906. Hivi viliandikwa kwa ajili ya waamuzi: mwanzo mtamu wa kupima sauti, mwisho wa mbio wa kupima ulimi na vidole. Kwa mashindano vinakaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo. Lakini hatari yake ni moja kwa vyote. Mwanafunzi hutumia miezi yote kwenye kurasa za mbio, na siku ya siku anapoteza alama kwenye ukurasa wa kwanza, ule wa polepole. Ukimchagulia Fauré, ukurasa wa kwanza uchukue nusu ya muda wa mazoezi. Chaminade ina dakika nane hivi. Pima muda wa silabasi kwanza. Kati ya vinne hivyo, cha Gaubert ndicho tungempa mwanafunzi anayeshindana ngazi hii mara ya kwanza: piano yake haimwelemei mwenziwe.

Sonata ya Poulenc ya 1957 kila mtu anaitamani. Sehemu ya pili, Cantilena, inaweza kupigwa peke yake na mwanafunzi mwenye sauti safi. Sehemu ya kwanza inataka mtu aliyekwisha kushindana.

Silabasi ikiruhusu muziki wa nyumbani, usiuogope. Mdundo wa chakacha, wenye mapigo sita yanayogawika mawili na matatu kwa wakati mmoja, unakaa vizuri mno kwenye fluti, na ladha ya nai ya taarab inaweza kuletwa kwa noti za mapambo na vibrato ya polepole. Masharti mawili: kiandikwe chote kwa noti ili mwamuzi awe na nakala, na wimbo wenye mtunzi anayejulikana uombewe ruhusa.

Hatua ya 6: Pikolo, kwa wachache

Pikolo apewe mwenye sauti nzuri ya fluti kwenye oktava ya tatu. Asiyeimudu hapo kwenye fluti, pikolo itamfichua. Sababu iko kwenye urefu: kwa kuwa ni nusu ya fluti, milimita moja ya kuvuta kichwa inageuza sauti mara mbili zaidi, karibu senti 8 au 9, na kila mtikisiko wa mdomo unakuzwa vivyo hivyo. Mwenye kubana midomo ili kufikia noti za juu atasikika juu ya piano ukumbi mzima.

Noti yake ya chini kabisa ni D. Kwa hivyo kipande chochote cha fluti chenye C au D flati kinaondoka mezani, Syrinx ikiwamo. Telemann anabaki, maana hashuki chini ya D. Sauti za chini za pikolo ni dhaifu na zina hewa, na za juu kabisa, B ya oktava ya tatu na C iliyo juu yake, ni kali na hazikubali upole. Tafuta kipande kinachokaa katikati muda mwingi.

Kipande cha kwanza kufikiriwa ni konchato ya Vivaldi katika C, RV 443. Aliiandikia filimbi ndogo ya zama zake, na leo wapiga pikolo wameifanya yao. Sehemu ya kwanza ina mbio ndefu zisizo na pahali pa kupumua. Wengi huanza kwa kasi na kumalizia kwa kuokota hewa. Largo, ile ya E ndogo, ndiyo tunayoipendekeza kwa mwanafunzi anayeshindana kwa pikolo mara ya kwanza. Noti zake ni chache. Mwamuzi amechoka na pikolo za kupiga mluzi, na hapa anasikia pikolo inayoimba. Kwa anayetaka kuchangamsha ukumbi kuna polka za Damaré, kama Le merle blanc, ambazo bila ulimi wa maradufu hazisogei. Aliye mbele sana na asiye na msindikizaji ana Parable ya Persichetti ya 1973, ya pikolo peke yake, na Konchato ya Liebermann ya 1996 inawangoja wenye piano hodari.

Mazoezi ya pikolo yasizidi dakika 20 kwa mkupuo, na sikio la kulia, ambalo ndilo liko karibu na sauti, liwekewe kizibo cha sifongo. Hili si la kupuuzwa. Chumba kidogo cha sakafu ya vigae na kuta tupu kinaumiza masikio ya mtoto.

Hatua ya 7: Chagua viwili, jaribu kwa wiki mbili

Usiamue siku ya kwanza. Toa vipande viwili vilivyopita vipimo vyote na umpe mwanafunzi wiki mbili navyo. Mwisho wa wiki ya pili apige kila kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, kwa robo tatu ya mwendo. Rekodi kwa simu iliyowekwa mita tatu hivi kutoka kwake, kisha mpe mwenzako asikilize bila kumwambia nani anapiga wala unapendelea kipi. Muulize kipi angependa kukisikia tena. Jibu lake lina uzito kuliko hamu ya mwanafunzi, na kuliko hamu yako.

Ambacho hakikufika mwisho bila kusimama baada ya wiki mbili, kiache. Mashindano ya ngazi za chini huja mapema katika muhula wa pili, kwa hivyo uamuzi uwe umefanywa kabla ya likizo ya Aprili. Wiki nne za mwisho hazijifunzi noti mpya. Ni za kupiga kipande kizima mbele ya watu: darasani, kwenye gwaride la asubuhi, nyumbani mbele ya shangazi na majirani.

Noti zipatikane mapema. Za watunzi wa zamani ziko kwenye maktaba za intaneti bila malipo, lakini angalia ni toleo gani, kwa kuwa baadhi zimejazwa alama za mhariri wa karne ya 19 ambazo mtunzi hakuziandika. Za Poulenc na waliokuja baadaye zinunuliwe. Nambari za baa zilingane kwenye nakala ya mwanafunzi, ya mpiga kinanda na ya mwamuzi.

Hatua ya 8: Ukumbi, feni, na safari ya bara

Nenda ukumbini kabla ya siku yenyewe, na utazame juu. Pangaboi linalozunguka moja kwa moja juu ya jukwaa, au feni ya kusimama iliyoelekezwa kwa mpigaji, hupeperusha ule ukanda mwembamba wa hewa unaotoka midomoni kabla haujafika kwenye ukingo wa tundu. Sauti za chini hupotea kwanza. Omba lizimwe kwa dakika tano, au mwanafunzi ageuke upepo umfikie mgongoni. Hili ni jambo lingine la kuzingatia katika uchaguzi: kipande kinachoanza kwa sauti ya chini na ndogo kina hatari zaidi kwenye ukumbi wa wazi kuliko kinachoanza oktava ya pili.

Jasho nalo huifanya fluti iteleze kidevuni. Stempu ya posta iliyobandikwa kwenye bamba la mdomo, pale midomo inapokaa, inashika vizuri na haigharimu kitu. Ibandikwe wiki moja kabla, si asubuhi ile, maana inabadilisha kidogo pembe ya midomo.

Mwanafunzi akivuka hadi fainali na zikawa bara, vipimo vinabadilika. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na Eldoret mita 2,100. Aliyezoea hewa ya pwani ataona pumzi inakwisha upesi. Hapo ndipo ile robo tatu ya Hatua ya 2 inapomwokoa. Mfike siku moja kabla, na apitie kipande kwa alama za pumzi za akiba ulizomwekea kwa penseli ya rangi nyingine. Pikolo ya mbao ikitoka kwenye joto lenye unyevu ikaingia kwenye baridi kavu inaweza kupasuka ikipulizwa kwa nguvu papo hapo. Ishikwe mkononi mpaka ipate vuguvugu, na kwa safari kama hizo pikolo ya plastiki ina usalama zaidi. Fluti nayo kwenye baridi ya asubuhi hushuka, kinyume cha ilivyokuwa Mombasa. Kwa sababu hiyo aizoee tangu nyumbani ikiwa imevutwa nje milimita 4 au 5, ili huko apate nafasi ya kuisukuma ndani. Kabla ya kuitwa aiweke chini ya sweta, apulize hewa ya moto ndani vitufe vyote vikiwa vimefungwa, bila kutoa sauti, kwa dakika mbili tatu, na mpiga kinanda asimpe A mpaka chuma kiwe na joto la mkono.